Nimeitwa MRI na tunatafuta mtoto, niende?

Swali lililoletwa: "Shikamoo kaka. Mimi ni radiografa, niko hospitali ya mkoa huku Kanda ya Ziwa, nafanya eksirei na CT. Kituo kimoja binafsi Dar kimeniita nikafanye MRI, mshahara unapanda kidogo. Tatizo mume wangu na mama mkwe wamekomaa kwamba sumaku inaharibu kizazi na sisi tunatafuta mtoto wa pili. Wenzangu kazini nao wanasema MRI ni kazi ya kukaa kwenye AC na kubonyeza. Niende nisiende? Na nikienda nijiandae na nini?"

Marahaba mdogo wangu. Naanza na la mama mkwe manake naona hilo ndo linakunyima usingizi, mengine yatafuata.

Hakuna ushahidi kwamba kufanya kazi MRI, ile mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, kunaharibu kizazi au kutoa mimba. Na hili halijaachwa hivi hivi bila mtu kuuliza, mwaka 1993 kulitoka utafiti Marekani, wakaulizwa wanawake wenyewe wanaofanya kazi kwenye MRI, wapiga picha na manesi, zikaangaliwa mimba zaidi ya 1,400, na hawakuona tofauti ya maana kwenye mimba kuharibika wala kuchelewa kushika mimba kati ya waliokuwa MRI na waliokuwa kazi nyingine. Mpaka leo mwongozo wa Chuo cha Radiolojia cha Marekani, ambao wengi wetu ndo tunaufuata hata huku, unasema mfanyakazi mjamzito anaweza kufanya kazi MRI miezi yote, anaingia chumbani, anampanga mgonjwa, anachoma dawa, anajibu kengele. Katazo ni moja tu, asibaki ndani ya chumba wakati mashine inapiga picha. Na kwa kawaida hata asiye mjamzito habaki ndani, kwahiyo kwako kinachobadilika ni kidogo sana.

Sasa muulize mume wako swali hili taratibu: hapo CT ulipo leo ni salama zaidi? Manake hapo ndo kuna mionzi yenyewe, ndo maana TAEC, ile Tume ya Nguvu za Atomu, wanakupa beji ya kupima unavaa kifuani, na ndo maana ukishajijua una mimba inabidi umwambie mkuu wa idara mapema, ili mtoto tumboni asivuke milisivati 1 (kipimo cha mionzi) kwa muda wote uliobaki. MRI haina mionzi ya namna hiyo hata chembe, ni sumaku na mawimbi ya redio. Kama ni hofu ya kizazi basi unahama kutoka penye sababu ya kuogopa (ambayo nayo ni ndogo ukifanya kazi kwa utaratibu) kwenda pasipo na sababu. Kitakachokusumbua ukiwa na mimba MRI ni kunyanyua wagonjwa, mtu wa kilo 100 anatoka kwenye stretcha kuja kwenye meza na nesi kakimbilia wodini, hapo ndo mgongo wako unaingia. Hilo ulidai mapema, usione aibu.

Ukitembea haraka karibu na mdomo wa mashine, hasa ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), unaweza kusikia kizunguzungu kidogo au ladha kama ya chuma mdomoni. Wengine wanapata, wengine hawapati kabisa. Inaisha ukitoka, na ukijifunza kutogeuza kichwa kwa ghafla pale mdomoni inapungua sana. Usimwambie mama mkwe hilo.

Haya, tuje kwenye "kukaa kwenye AC na kubonyeza". AC ipo kweli, tena utavaa sweta Dar es Salaam katikati ya Januari watu wakushangae. Ila wanaosema ni kubonyeza hawajawahi kushika funguo za chumba kile. Kwenye eksirei na CT umezoea kwamba hatari ipo pale unapobonyeza, usipobonyeza chumba ni chumba tu, mtu wa usafi anaingia anapiga deki anatoka. MRI ni kinyume chake. Sumaku inafanya kazi saa 24, usiku, Jumapili, Idd, mashine ikiwa imezimwa kwenye komputa, TANESCO wakiwa wamekata, haijalishi, manake mkondo unazunguka wenyewe ndani ya nyaya zilizopozwa na heliamu, gesi iliyopozwa ikawa kimiminika, mpaka nyuzi 269 chini ya sifuri na hauhitaji umeme wa ukutani kuendelea. Tesla 1.5 ni kama mara elfu 30 ya nguvu ya sumaku ya dunia hii tunayokanyaga. Na haivuti pole pole mtu upate muda wa kushtuka, mbali kidogo husikii kitu, hatua mbili mbele kitu kimekutoka mkononi.

Mwaka 2001 kule Valhalla, New York, mtoto wa miaka 6 alikuwa ndani ya mashine, mtu akaingia na silinda ya oksijeni ya chuma, ikaruka ikamuua. Mwaka 2018 Mumbai, India, ndugu wa mgonjwa akaingia na silinda ya oksijeni, naye akafa, na taarifa zilizotoka pale zilisema aliambiwa mashine imezimwa. Mwaka 2023 São Paulo, Brazil, mtu kamsindikiza mama yake na bastola kiunoni, ikajifyatua, akafa. Mwaka 2025 tena New York, mtu kaingia na mnyororo mzito wa mazoezi shingoni, akafa. Ukiangalia hizo kesi hakuna hata moja iliyotokana na picha mbaya au kubonyeza vibaya. Zote zilitokea mlangoni, mtu au kitu kimepita ambacho hakikutakiwa kupita. Kwahiyo ukiniuliza kazi ya MRI ni nini nitakwambia ni kazi ya mlangoni kwanza, picha ni baadaye, na atakayekuajiri kama haelewi hivo mtagombana kila wiki.

Na mlango wenyewe haulindwi kwa fomu peke yake. Fomu utapewa, ina maswali ishirini na kitu kwa Kiingereza, mgonjwa anaweka vema kwenye "hapana" zote anasaini, kamaliza. Usiikubali. Kaa naye, muulize kwa mdomo, kwa Kiswahili cha kwao, tena usiulize "una chuma mwilini?" manake jibu ni hapana siku zote. Uliza mambo ya maisha yake. Ulishawahi kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa zamani, hata wa uzazi? Ulishapata ajali ya bodaboda? Ulishapigwa risasi? Ulishafanya kazi ya kuchomelea vyuma au kukata na grainda?

Hilo la mwisho usiliruke. Nakumbuka mzee mmoja kaja na mgongo, fomu safi kabisa, hapana hapana hapana, nikamuuliza ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya kustaafu, akasema nilikuwa fundi wa mageti. Jicho lilishawahi kuingia kitu? Eeh, mara nyingi, kijana mmoja alikuwa ananitoa na ncha ya sindano. Tukampeleka eksirei ya macho kabla ya yote, kachembe kanaonekana kweupe jicho la kushoto, kadogo kama punje ya chumvi. Mtu kama huyo akiingia, kachembe kanaweza kusogea jichoni, na iliwahi kuripotiwa mwaka 1986 mgonjwa aliyepofuka jicho moja kwa namna hiyo hiyo. Yule mzee aliondoka kanuna, kalipa nauli toka mbali, na mwanawe akanifokea kwamba tunawasumbua wazee. Sawa. Afadhali anune anaona.

Halafu kuna vitu vya kwetu ambavyo vitabu vya wenzetu havikuandikii. Hirizi. Mgonjwa hatakwambia, na ukimuuliza mbele ya ndugu atakataa. Mtoe pembeni, mwambie mimi sihukumu, nataka kujua tu kama ndani kuna sindano au kipande cha chuma, akiweza kuivua ampe mtu wake aishike, na akikataa kuivua basi hamna picha leo, bila ugomvi. Shanga za kiunoni nazo vile vile, nyingine ni plastiki tupu, nyingine zina kifungo cha chuma, na hilo swali mwanaume asiulize, amuite mwenzake wa kike, ndo maana vituo vinatafuta sana wadada kama wewe. Wigi lenye klipu, pini zilizofichwa ndani ya rasta, kope za bandia za sumaku (zipo!), sidiria yenye waya, hijabu yenye pini tatu ambazo mwenyewe kazisahau. Nguo zote avue avae gauni la hospitali, hata nguo za mazoezi zinazoonekana hazina kitu, nyingine zimefumwa na nyuzi za fedha zinapata moto mpaka zinaunguza ngozi.

Na kuungua ndo ajali utakayokutana nayo wewe zaidi kuliko silinda kuruka. Mgonjwa kapishanisha mikono tumboni, au mapaja yamegusana ngozi kwa ngozi, mawimbi ya redio yanapata njia ya kuzunguka anatoka na lengelenge. Kwahiyo weka taulo au foronya katikati, waya wa koili (kile kifaa anachovalishwa mgonjwa cha kunasa picha) usikunje mzunguko wala usimlaze mgonjwa juu yake, na waya za ECG za kupima moyo zisizo za MRI zitoke zote. Mgonjwa akisema nasikia joto sehemu moja, simamisha. Usimwambie vumilia bado dakika mbili.

Vya kupandikizwa mwilini ni somo refu, nikupe msimamo tu. "Daktari kaniambia ni titaniamu" sio jibu. Jibu ni kadi au karatasi ya upasuaji yenye jina la kifaa na namba ya modeli, unakwenda unatafuta masharti yake kwa mtengenezaji. Kuna alama tatu utaziona: mraba wa kijani ni salama, pembetatu ya njano ni kwa masharti, duara jekundu lenye mstari haliingii. Ya njano ndo inayowaponza watu, wanaisoma "inaruhusiwa" kumbe masharti yanasema tesla 1.5 tu, au isikae muda fulani, au kiwango cha joto kiwe cha chini. Pesimeka, ile betri ya moyo, zamani ilikuwa hapana moja kwa moja, toka 2011 zimeanza kuidhinishwa Marekani za masharti, lakini hizo ni mpaka mtaalamu wa moyo awepo aibadilishe mpangilio kabla na airudishe baada. Klipu ya mshipa wa ubongo isiyo na karatasi, usipige. Antena za mguu, vile vyuma vya nje vinavyoshikilia mfupa uliovunjika, usipige mpaka ujue ni za nini. Vyuma vya ndani vya mfupa vilivyokaa miaka, vingi havina shida ya kuvutwa, vitakuharibia picha tu pale vilipo.

Sasa utapata simu. Bosi, au daktari mkubwa, au mtu kapigiwa na mtu, "huyo ni wa kwetu, mpige tu haraka". Na wewe mgeni, mdogo, mwanamke, kwenye kituo binafsi ambapo kila picha ni hela. Hapo ndo patakuonyesha kama umeajiriwa na watu au umeajiriwa na kaunta. Jibu lako liwe fupi, halina hasira: nikipata karatasi ya kifaa nampiga leo leo. Andika kwenye kitabu saa na jina la aliyekupigia. Na askari akileta mahabusu, pingu na silaha vinaishia nje, hata akiwa na nyota begani, na mtu wa usafi na mlinzi wafundishwe na wewe mwenyewe, usiamini kwamba utawala umewafundisha. Mlango ufungwe na funguo ziwe kwa radiografa, hata saa nane usiku.

Siku ya dharura ndo yote haya yanapimwa. Mgonjwa akizimika ndani, mwili wote utakuambia ita timu waje hapa. Usifanye hivo. Unaanza kukandamiza kifua huku meza inatoka, mnamtoa nje ya chumba kabisa, unafunga mlango, ndo timu inamkuta huko nje. Wakija mbio na silinda, stethoskopu na mikasi mfukoni ukawakuta wanaingia, utakuwa na wagonjwa wawili. Fanyeni mazoezi ya hilo mkiwa na mtu mzima wa kujifanya mgonjwa, mtaona jinsi inavyochanganya.

Na ukutani kuna vitufe viwili ambavyo lazima uvijue ukiwa umefumba macho. Kimoja kinakata umeme wa mashine, hicho ni cha moto au maji, sumaku inabaki pale pale. Kingine ni cha kwenchi, kinaua sumaku kwa kuchemsha heliamu yote itoke kwa bomba kwenda juu ya paa. Hicho unabonyeza mtu akiwa amebanwa na chuma na hamuwezi kumtoa, sio silinda tu imenasa bila mtu, kwasababu kurudisha sumaku baada ya hapo ni hela nyingi sana na kituo kinalala muda mrefu. Bomba likiwa na tatizo heliamu inarudi chumbani, inafukuza hewa, mtu anazimia bila kunusa chochote. Ukiona ukungu mweupe, toa mgonjwa, toka, acha mlango wazi. Kama mlango unafunguka kwa ndani na presha imepanda hautafunguka, ndo maana siku ya kwanza uulize bomba lilikaguliwa lini na ndege wamejenga kiota au la. Sitanii.

Umeme nao. Ukisikia ule mlio wa kwikwi kwikwi chumbani umekata, shtuka, ule ni mtambo wa kupoza heliamu. Chila, ule mtambo wa maji baridi unaousaidia, ikizima, joto la Dar likapanda kwenye chumba cha mitambo, heliamu inaanza kupotea taratibu na hamna anayeona. Kila asubuhi kabla ya chai soma kiwango cha heliamu, presha, joto na unyevu, andika. Jenereta nyingi zimeunganishwa mashine tu chila ikaachwa, uliza hilo kabla hujasaini mkataba. Ndo maana watu wanahangaika na mashine ndogo zisizotumia heliamu, 2022 pale Mbarara Uganda, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, waliunganisha pale pale moja ya sumaku za kudumu, tesla 0.05 tu, picha zake sio za kupendeza lakini haidai heliamu na haidai umeme kama zetu.

Picha utajifunza, usiogope. Ulishajua anatomia ya vipande toka CT, hiyo nusu ya safari. Anza na mgongo wa chini na ubongo manake ndo utakaopiga asubuhi mpaka jioni. Jifunze aina za picha: elewa kwa nini umajimaji unang'aa kwenye T2 na kwa nini FLAIR inauzima, elewa DWI na ADC zisomwe pamoja. Usibadilishe TR na TE, ile mipangilio ya muda ya picha, ovyo kwa sababu umeona mtu YouTube kabadilisha. Ukibanwa na foleni usikate sikwensi (seti moja ya picha) kimya kimya, muulize daktari wa radiolojia ipi anaweza kuishi bila.

Dawa ya gadoliniamu, ile ya kuchoma mshipani ili picha ionyeshe zaidi, usichome bila kuona majibu ya figo kwa mgonjwa mwenye historia ya figo, kisukari au presha ya muda mrefu. Ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa kwa wenye figo zilizochoka ulihusishwa na dawa hizi 2006. Uliza pia kituo kinanunua aina gani, zile za molekuli ya duara zimetulia zaidi kuliko za mstari, na Ulaya nyingi za mstari walizisitisha 2017. Mjamzito dawa hiyo hapewi mpaka iwe lazima kweli na daktari kasaini.

Na wagonjwa wanaogopa. Wengi wanakwambia wazi hili jeneza siingii. Usiwacheke na usiwaharakishe, mwoneshe mashine iko wazi pande mbili, mpe kitufe cha kuita akishike mkononi akijaribu kabla, mwambie itagonga kama watu wanavunja ukuta na itagonga kwa dakika ngapi, mzibe masikio vizuri (vizibo na hedfoni juu yake), halafu ongea naye kila sikwensi ikiisha, hata "tumebakiza mbili mama". Ukinyamaza dakika tano anadhani umeondoka. Ukiwa na subira hapo utapiga wagonjwa wengi kwa siku kuliko anayewafokea, manake wa kurudia wanapungua.

Kwahiyo niende nisiende? Nenda, ila kabla ya kusaini waulize haya na uangalie wanavyojibu kuliko wanachojibu. Nani atanifundisha na kwa muda gani kabla sijaachwa peke yangu zamu ya usiku? Mashine ina mkataba wa matengenezo au inasubiri mtu aje toka nje? Nani ana neno la mwisho kukataa mgonjwa? Chumba kina kigundua oksijeni na kinafanya kazi? Stretcha na silinda za aluminiamu zipo au tunaazima za wodini? Na ile posho ya mazingira hatarishi uliyokuwa unapata serikalini, hawa wanayo au inaishia hapo kwa kisingizio kwamba MRI haina mionzi? Hilo mara nyingi linakula ile "mshahara umepanda kidogo" yote. Kama ukiuliza nani anafunga mlango usiku wakacheka, rudi zako Kanda ya Ziwa.

Leseni yako ya Baraza la wataalamu wa radiolojia usiiache ife ukiwa unahama, na ukishazoea tafuta mtihani wa afisa usalama wa MRI wa bodi ya Marekani, ule wa MRSO, unakupa nguvu ya kusema hapana. Wengi wanaofikiria Ghuba wananiuliza pia: Dubai, Abu Dhabi, Saudia wote watapeleka vyeti vyako kuhakikiwa DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, na mtihani unafanywa kwenye komputa. Pale watu wanakwama kwenye kitu kidogo sana, barua ya uzoefu imeandikwa "radiografa" basi, haisemi MRI, haisemi tesla ngapi wala toka lini mpaka lini. Siku unaondoka kituo chochote barua yako iandikwe hivo kamili, na usiichukue mpaka uisome yote pale pale ofisini kwa HR.